Utomvu mwekundu wa marri: kuuokota, kuuyeyusha na kuutumia bila kudhuru

Kusini-magharibi mwa Australia, kuanzia viunga vya Perth kushuka hadi Margaret River na Albany, kuna mti mkubwa wa gome la kijivu lililopasukapasuka, na ndani ya mipasuko hiyo mna michirizi myekundu iliyoganda. Wanoongar, wenyeji wa nchi hiyo, wanauita marri. Wataalamu wa mimea wanauita Corymbia calophylla, nao ni ndugu wa karibu wa mikaratusi tuliyoizoea Afrika Mashariki. Ule wekundu unaotoka shinani ni dawa ya Wanoongar ya tangu enzi, kwa majeraha, kinywa na tumbo.

Waswahili tunaoishi huku tukiuona, akili inakimbilia ubani na sandarusi. Kosa la kwanza linaanzia hapo, na karibu makosa yote yanayofuata ni watoto wake. Huu si utomvu wa jamii ya ubani. Chukua punje moja ya ukubwa wa punje ya mahindi, uitie kwenye glasi ya maji ya moto. Ubani ungelainika, ukanata, ukayageuza maji kuwa meupe. Sandarusi isingebadilika hata kidogo. Punje ya marri inaanza kutoa uzi mwekundu unaoshuka chini ya glasi, na ukikoroga kwa muda unapata maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Itie nyingine juu ya kaa kwenye chetezo: haiyeyuki, haifukizi harufu nzuri, inavimba na kuungua ikabaki masizi. Anayetafuta kitu cha kufukiza amefika duka lisilo lake.

Sehemu kubwa ya utomvu huu ni tanini, kitu kilekile kilichomo katika magome ya mikoko na ya miwati inayopandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya kusindika ngozi. Miwati yenyewe asili yake ni Australia. Tanini hushikana na protini na kuikaza. Ikigusa ngozi mbichi ya mnyama, huigeuza ikawa ngozi isiyooza. Ikigusa ulimi, mate yanapoteza utelezi na mdomo unabaki na ukakasi wa bibo. Ikigusa kidonda kinachovuja, protini za juu zinaganda na kuwa utando, vimishipa vidogo vinabana, damu inapungua. Kazi ya utomvu wa marri ni hiyo moja, kukaza. Kila tumizi lililo sahihi linatokana na hiyo, na kila madhara pia.

Tuanze na mti. Marri hautembezi utomvu huu shinani muda wote. Unautengeneza pale unapojeruhiwa: mdudu ametoboa, moto umepita, tawi limevunjika, kuvu imeingia. Seli zilizo karibu na kambiamu, lile tabaka la kukua lililo chini ya gome, zinajaa umajimaji huu, zinapasuka, na unapatikana mshipa au mfuko mwekundu ndani ya mbao. Ndiyo maana wapasua mbao hawaupendi mti huu kama wanavyoupenda jarrah, mkaratusi mwingine wa huku: ubao wa marri mara nyingi una mishipa hiyo katikati, na unakatikia hapohapo. Utengenezaji wenyewe unachukua siku nyingi, hata wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu anayechanja gome leo na kurudi kesho na kikombe hapati kitu, labda panga lake liwe limebahatika kutoboa mfuko wa zamani. Wanaotoka Tabora au Ruvuma wanadanganyika hapa, kwa sababu mninga ukiuchanja unatoa wekundu palepale. Marri si mninga. Usiuchanje. Miti mingi inayovuja sana tayari inaugua donda linaloletwa na kuvu iitwayo Quambalaria coyrecup, na jeraha jipya unalolitia ni mlango mwingine. Unachohitaji kimekwisha kutoka chenyewe. Kazi yako ni kuchagua.

Na kuchagua ndiko kwenye ujuzi. Kwenye shina moja utakuta hali tatu. Ya kwanza ni umajimaji mzito kama asali, unaotiririka kutoka kwenye ufa. Ni safi, una nguvu, lakini una maji mengi na unaota ukungu haraka usipokaushwa. Ya pili ni matone makavu, yanayong'aa, mekundu ya kito, ambayo ukiyashika kwenye mwanga yanapitisha nuru ukingoni. Ukiyabana kwa kucha yanapasuka kwa mlio mdogo na kutoa unga mwekundu. Hayo ndiyo ya kuchukua. Ya tatu ni mabonge meusi, yasiyong'aa, yaliyokaa juani na mvuani misimu mingi. Watu wanayapenda kwa kuwa ni makubwa na yanajaza mfuko upesi. Achana nayo: hewa na jua vimekwisha kuibadilisha tanini ikawa kitu kisichoyeyuka vizuri, na mvua imekwisha kufua kilichokuwa kinayeyuka. Utachemsha nusu saa upate maji ya kahawia yasiyo na ukakasi, na tope chini ya sufuria.

Msimu mzuri ni wa ukame. Wanoongar wana misimu sita kwa mwaka, na ile miwili ya joto, Birak na Bunuru, ni kuanzia Desemba hadi Machi. Katika Bunuru marri huchanua maua meupe na nyuki wanajaa. Makuru, Juni na Julai, ni mvua na baridi, na utomvu unalowa, unateremka hadi kwenye udongo. Okota asubuhi, kabla ya jua kali, kwa sababu matone ya juu ambayo hayajakauka sawasawa yakipata joto yanalainika na kunasa vumbi, sisimizi na nyuzi za gome. Tumia kijiti au kijiko cha mbao kuyang'oa, si kisu. Kisu kinakwenda na gome, na chuma chenyewe kinaharibu, sababu tutaifikia. Weka kwenye mtungi wa kioo. Kopo la bati halifai. Gramu 50 zinatosha nyumba moja kwa mwaka mzima, kwa kuwa kinachotumika kila mara ni kidogo sana. Anayebeba kilo ana mpango wa kuuza, na hilo lina sheria zake.

Nyumbani, tandaza matone kwenye karatasi kivulini siku mbili tatu. Ondoa vipande vya gome kwa mkono, kimoja kimoja. Kazi inachosha lakini haina njia ya mkato, maana gome ndilo linalobeba mchanga na vijidudu. Umajimaji mzito nao umwage kwenye sahani ya kioo kwa unene wa kadi ya posta, uache ukauke hadi upasuke wenyewe kuwa magamba. Hifadhi vikiwa vipande, usisage vyote. Unga ukikaa kwenye hewa yenye unyevu unashikana ukawa jiwe, na unazeeka upesi kuliko vipande. Saga kwa kinu cha mbao au cha jiwe kiasi cha kutumia siku hiyo, upitishe kwenye kitambaa chembamba au chekecheke laini kabisa. Chembe kubwa zina ncha kali kama za kioo, na kwenye kidonda zinakwaruza.

Kwa Wanoongar, unga huo hunyunyizwa kwenye jeraha lililo wazi ili kuzuia damu, au huyeyushwa kwenye maji kwa kusafisha kidonda na kusukutua kinywa, na maji yake hunywewa kwa kuhara. Utomvu uleule umetumika kwenye ngozi za wanyama. Ukienda mbali katikati ya bara, kwenye jangwa la Waarrernte, Wawarlpiri na Wapitjantjatjara, marri haipo, lakini ipo Corymbia opaca, ambayo Waarrernte wanaiita arrkernke. Huko utomvu mwekundu huchemshwa na maji yake kuoshea vidonda na ngozi yenye upele, na viriba vya maji vya ngozi ya kangaruu vilisindikwa kwa utomvu huohuo. Wenye kutilia shaka kwamba ni dawa ya kukaza wakiangalia kiriba watanyamaza.

Sasa maji yenyewe. Kipimo tunachokitumia kwa kusukutua na kuoshea ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, cha unga kwa maji mililita 250. Chemsha maji kwanza, yatoe motoni, ndipo utie unga huku unakoroga, kisha rudisha kwenye moto mdogo dakika tano. Ukimwaga unga kwenye maji yanayochemka kwa nguvu unashikana kuwa donge linalong'ang'ania chini na kuungua. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, acha yapoe hadi uvuguvugu. Onja tone moja: mdomo ukikauka kiasi, sawa, ukibana hadi unataka kutema, ongeza maji. Ulimi ni kipimo kizuri kuliko kijiko, kwa sababu utomvu wa mti mmoja na wa mti wa pili haulingani nguvu.

Sufuria iwe ya enameli, ya kioo, au ya chuma kisichoshika kutu. Chungu cha chuma cha kawaida au sufuria iliyochubuka hadi kuonyesha kutu itakupa wino, na simaanishi mfano: tanini na chuma vikikutana vinatengeneza rangi nyeusi, na wino wa kuandikia wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Maji yakigeuka meusi ghafla au yakapata rangi ya buluu-nyeusi, mwaga. Kwa upande mwingine, yakiwa mekundu na angavu yakiwa moto halafu yakafanya ukungu wa udongo yakipoa, hayajaharibika. Baadhi ya vitu vilivyomo vinayeyuka kwenye joto tu, na ukiyapasha yatang'aa tena. Wageni wa kazi hii wanamwaga dawa nzuri kwa kuona ukungu huo, na wanabaki na ile nyeusi. Maji yaliyotengenezwa yatumike siku hiyo. Kwenye friji yanafika siku mbili. Baada ya hapo yanaota utando juu, tanini au pasipo tanini.

Jeraha ndilo sehemu inayohitaji akili zaidi. Unga unafanya kazi vizuri kwa mkwaruzo, kwa mkato mfupi usio na kina, kwa kidonda kinachovuja majimaji na kukataa kukauka. Kwanza osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa kweli, mpaka usione chembe ya udongo. Bonyeza kwa kitambaa safi hadi damu ipungue, kisha nyunyiza unga mwembamba, uwe kama vumbi juu ya meza. Funika. Usirundike. Unga mwingi unaungana na damu ukawa kigaga kigumu, chekundu-cheusi, kinachoonekana kama kidonda kimepona, kumbe chini yake usaha unajikusanya. Tanini imeziba mlango, na mchafu amebaki ndani. Ukiona kingo za kigaga zimevimba, pana joto, panapwita, kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu hadi kitoke, osha, na nenda kituo cha afya. Kwa msumari, mwiba mrefu, kuumwa na mbwa, au mkato wenye kina, utomvu usitumike kabisa: vidonda vya namna hiyo vinapendwa na pepopunda, na dawa yake ni sindano. Kwenye jicho pia hapana. Maji ya jikoni si maji ya hospitali hata yachujwe vipi.

Na kwa majeraha ya moto kuna historia ambayo kila mpenda dawa za tanini anapaswa kuijua. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit alieleza tiba ya kuwapaka walioungua asidi ya tanini ili ngozi iliyoungua iwe gamba kavu. Ilienea hospitalini kwa karibu miaka ishirini, kisha ikaachwa, baada ya kubainika kwamba tanini inayopita kwenye eneo kubwa lililoungua inaingia mwilini na kuharibu ini. Kwa hiyo malengelenge ya kuungua na mafuta ya kukaangia, hata yawe madogo, yapewe maji baridi ya bomba dakika 20, wala yasitiwe unga huu. Mkono mzima ukiungua, usipeleke unga huu karibu.

Kinywani ni mahali ambapo utomvu huu haujanivunja moyo. Fizi zinazotoka damu, koo linalowasha, kidonda cha ulimi: sukutua kwa maji ya kipimo kilekile nusu dakika, tema, mara tatu kwa siku, siku tatu nne. Waingereza wenyewe walikuja kutengeneza vidonge vya kumumunya vya koo kutokana na utomvu wa mikaratusi ya Australia. Linalokosewa ni kuendelea wiki baada ya wiki. Meno yanashika rangi ya kahawia, midomo inapasuka pembeni, na fizi zinazotoka damu kwa sababu ya ukoga hazitapona kwa kukazwa. Zinahitaji mswaki na daktari wa meno.

Tumbo ndipo wazungu walipojifunza kutoka kwa miti hii mapema. Meli za kwanza za wafungwa zilipofika Sydney mwaka 1788, watu walishikwa na kuhara damu, na daktari mkuu wa msafara, John White, akawapa utomvu mwekundu wa mikaratusi ya pale, akaridhika nao. Utomvu wa jamii ya mninga, uliokwisha kuzoeleka katika maduka ya dawa ya Ulaya, vitabu vyao vya dawa viliuwekea kipimo cha gramu 0.3 hadi 1.3 kwa mara moja kwa mtu mzima. Angalia udogo wake: hata kijiko cha chai hakijai. Anayekunywa kikombe kizima cha maji mazito mara nne kwa siku anajitafutia kichefuchefu, kisha siku tatu za kufunga choo.

Lakini hata kwa kipimo sahihi, tanini inapunguza safari za chooni tu, hairudishi maji yaliyopotea, na mwenye kuhara anauawa na ukavu. Kabla ya utomvu, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogokidogo mfululizo. Pakiti za dukani ni bora zaidi kama zipo, na kwa mtoto ongeza zinki kama mhudumu atakavyoelekeza. Mtoto mdogo na mjamzito wasipewe utomvu kabisa. Choo kikiwa na damu, homa ikipanda, macho yakizama, au mkojo ukikoma, safari ni ya hospitali. Na anayemeza vidonge vya kuongeza damu aachanishe kwa saa mbili au zaidi, kwa sababu ile ndoa ya chuma na tanini inayotia sufuria weusi hutokea tumboni pia, na kidonge kinapita bila kufyonzwa.

Wengine huulizia kuuhifadhi katika spiriti. Inawezekana, lakini ina ugonjwa wake wa zamani: dawa ya spiriti ya utomvu wa jamii ya mninga ilijulikana na wafamasia kwa kugeuka jeli ndani ya chupa. Kimeng'enya kilichomo ndani ya utomvu ndicho kinachofanya hivyo, na kuchemsha kwanza kwenye maji kunakiua. Mimi naona hakuna haja. Kipande kikavu kwenye mtungi wa kioo, kabatini penye giza, kinakaa miaka.

Swali linalokuja kutoka nyumbani ni kama mikaratusi ya Kenya na Tanzania itafaa. Inavuja, ndiyo. Ila jina mkaratusi ni la miti mingi. Joseph Maiden, aliyechunguza utomvu wa miti hii mwishoni mwa karne ya 19, aliigawa mafungu matatu: unaoyeyuka wote katika maji na spiriti, wenye gundi inayokataa spiriti, na ule unaofanya ukungu ukipoa. Kipimo cha mti mmoja hakihamii mti mwingine. Kama hujui ni mkaratusi gani, ishia kwenye kusukutua, na uanze na nusu ya unga niliotaja. Mninga una historia yake katika tiba za kusini mwa Afrika, na wataalamu wake ni wa huko, waulizwe wao. Lile bonge jekundu la kisiwa cha Sokotra linalouzwa na wauza dawa za asili Uarabuni ni la aina ya sandarusi, haliyeyuki majini, na maelezo ya humu hayalihusu.

Huku Australia Magharibi, kuokota sehemu yoyote ya mmea wa asili kwenye ardhi ya serikali kunahitaji leseni chini ya sheria ya bioanuwai ya mwaka 2016. Wanoongar wana haki zao za kimila, mgeni hana. Kwenye shamba la mtu, mwenye shamba atoe ruhusa. Na ruhusa ya pili ni ya wenye ujuzi. Wanoongar wana sababu ya kuwa wagumu: mmea wao mwingine, unaoitwa kichaka cha moshi, ulichukuliwa sampuli tangu miaka ya 1960, ndani yake ikapatikana kemikali iliyotarajiwa kupambana na virusi vya ukimwi, haki za kuiendeleza zikapewa kampuni ya dawa, na wenyeji wakaachwa nje ya makubaliano. Yaliyoandikwa hapa ni yale ambayo wenyewe wamekwisha kuyatoa hadharani. Mzee akikuonyesha zaidi ya hayo, muulize kama unaruhusiwa kulisema kwa wengine, na akisema hapana, basi ni hapana, hata kama umempigia picha na amecheka.